Sio na Malaba: Mito Miwili, Mpaka Mmoja, Amana Moja



Himdi zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba wake.

Ndugu msomaji, wengi wetu tumevuka mpaka wa Busia au wa Malaba mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Tunashuka kwenye matatu, tunapanga foleni, tunagongewa muhuri na kuendelea na safari. Macho yetu huwa kwenye malori, wabadilishaji fedha na bodaboda. Ni wachache wanaosimama darajani kutazama maji yaliyo chini. Somo la leo linahusu maji hayo: mto Sio upande wa Busia na mto Malaba upande wa Tororo. Tutaangalia yanatoka wapi na yanakwenda wapi, yanapatwa na nini njiani, na dini yetu inamwambia nini mtu anayeishi kando yake.

1. Ramani ya mito miwili

Tuanze na Mlima Elgon. Kilele chake cha Wagagai kina urefu wa mita 4,321, na mlima wenyewe umekaliwa na nchi mbili, Uganda magharibi na Kenya mashariki. Mvua inayonyesha kwenye miteremko yake ya kusini na nyanda zilizo chini yake ndiyo inayolisha mito tunayoizungumzia.

Mto Sio huanzia upande wa Bungoma, ukaelekea kusini-magharibi ndani ya kaunti ya Busia, ukapita nchi ya Wakhayo na Wasamia, na katika sehemu yake ya chini ukawa ndio mpaka wa Kenya na Uganda. Huishia Ziwa Victoria, karibu na mji mdogo wa Sio Port. Ni mto mdogo. Kwa wastani huingiza ziwani takriban mita za ujazo 11 za maji kila sekunde, ilhali jirani yake Nzoia huingiza zaidi ya 100, na Kagera unaotoka Rwanda, Burundi na Tanzania huingiza zaidi ya 200. Hata hivyo, mita za ujazo 11 ni lita 11,000, yaani jerikeni 550 za lita 20 kila sekunde moja. Udogo wa mto unategemea unaulinganisha na nini.

Mto Malaba una njia nyingine. Huteremka kutoka Elgon na kupokea maji ya mito mingine, wakiwemo Malakisi unaotoka Bungoma na Lwakhakha, ambao wenyewe ni mpaka wa nchi mbili huko juu. Kisha hupita chini ya daraja la forodha la Malaba, ukaingia wilaya ya Tororo na kuelekea magharibi hadi kuungana na mto Mpologoma. Mpologoma nao humwaga maji yake Ziwa Kyoga, katikati ya Uganda.

Kwa barabara, mji wa Busia na mji wa Malaba vimetengana kwa kilomita kama 30 tu. Nchi iliyoinuka kati yao ndiyo mstari wa mgawanyo wa maji. Fikiria matone mawili ya mvua yameanguka usiku mmoja juu ya mwinuko huo, yakiwa jirani kama vidole vya mkono. Moja likateleza kusini na jingine kaskazini. La kusini litaingia Sio na kufika Ziwa Victoria, lililo mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko linaweza kukaa miaka mingi kabla ya kutoka kwa mlango mmoja tu wa ziwa hilo, Jinja, na kuwa sehemu ya Nile. La kaskazini litaingia Malaba, kisha Mpologoma, kisha Kyoga.

Nile inayotoka Jinja inakwenda wapi? Inakwenda Kyoga, ambalo liko chini ya Ziwa Victoria kwa takriban mita 100. Kwa hiyo maji yaliyoachana juu ya kilima baina ya Busia na Malaba yanaweza kukutana tena ndani ya Ziwa Kyoga, kisha yakafuatana hadi Ziwa Albert, Sudan Kusini, Sudan na Misri. Maji tunayoyapa majina mawili na uraia wa nchi mbili ni maji ya mfumo mmoja.

2. Mpaka uliochorwa juu ya maji

Mito hii haikuwa mpaka tangu mwanzo. Mwaka 1902 serikali ya Uingereza ilikata sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda na kuiunganisha na himaya ya upande wa pwani, ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Mwaka 1926 ikaandika kwa undani mahali mpaka unapopita, na waliouandika wakatumia alama walizoziona ardhini: vilima, vijito na mito, ikiwemo Sio, Malaba na Lwakhakha.

Waliokuwa wakiishi hapo hawakuhama. Ndiyo maana hadi leo utawakuta Wasamia pande zote mbili za Sio, na Wateso pande zote mbili za Malaba, wakizungumza lugha zilezile, wakioana na kuzikana. Mzee wa Samia anaweza kuwa na shamba Kenya na shangazi Uganda, na bado akamwita jirani wa ng'ambo ndugu yake. Waislamu wa miji hii miwili nao husikia adhana za wenzao kutoka ng'ambo.

Kwa mtu anayesoma mazingira, mpaka wa mto una tabu yake. Mto una kingo mbili, na kingo hizo zikiwa chini ya serikali mbili, ni rahisi kila upande kudhani kwamba tatizo limetoka upande wa pili. Mkenya atasema mchanga unachimbwa na Waganda. Mganda atasema tope limetoka mashamba ya Kenya. Maji hayasubiri wamalize kubishana.

3. Kinamasi hufanya kazi gani?

Sehemu za chini za Sio zina vinamasi vya mafunjo, kikiwemo kinamasi cha Sio-Siteko ambacho kiko Kenya na Uganda kwa pamoja. Mto Malaba na Mpologoma nao hupita katika mabonde mapana yenye mafunjo, na mengi yao sasa yamegeuzwa mashamba ya mpunga. Wengi wetu tumelelewa tukisikia kinamasi kikiitwa ardhi isiyo na faida, ya mbu na nyoka. Kwa kweli kinamasi hufanya kazi tatu kubwa.

Kazi ya kwanza ni kupunguza kasi ya maji. Mvua za masika za Machi hadi Mei zinaponyesha kwa nguvu, maji hukimbia kutoka miteremko ya Elgon yakiwa na kishindo. Yakifika kwenye mafunjo hutawanyika na kutulia. Kinamasi huyashika kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo, hivyo mafuriko hupungua wakati wa mvua na mto haukauki haraka wakati wa kiangazi.

Kazi ya pili ni kuchuja. Maji yakitulia, tope huzama. Chembe za tope ndizo zinazobeba fosforasi kutoka kwenye udongo na mbolea, kwa sababu fosforasi hung'ang'ania udongo. Mizizi ya mafunjo hunyonya rutuba hiyo kabla haijafika ziwani. Kinamasi kikiondolewa, rutuba inayokosekana shambani huenda kurutubisha ziwa, ambako hustawisha mwani na magugu maji. Wavuvi wa Ziwa Victoria wamekuwa wakipambana na magugu maji tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kila msimu tunauliza magugu yanakula nini. Sehemu ya jibu ni udongo wa mashamba yetu.

Kazi ya tatu ni kulisha watu. Mafunjo hutoa mikeka na vikapu. Kambare na kamongo huzaliana humo. Udongo wa mfinyanzi hutoa vyungu. Mama asiye na shamba kubwa anaweza kupata riziki kwenye kinamasi bila kukiharibu, mradi watu wasikigeuze chote kuwa kitu kingine.

4. Kinachoupata mto leo

Ukitembea kando ya Sio au Malaba utaona mambo matano.

Kwanza, mashamba yamefika ukingoni. Mahindi, miwa, sukuma wiki na mikaratusi imepandwa hadi mahali udongo unapoangukia majini. Mvua ikinyesha, ukingo unamong'onyoka na mto unabadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa.

Pili, miti ya juu imepungua. Kuni, makaa na matofali ya kuchoma vinahitaji moto. Kwa miaka mingi wakulima wa upande wa Malakisi na Teso walilima tumbaku pia, nayo hukaushwa kwa kuni. Mlima ukiwa wazi, maji hayana cha kuyazuia yasikimbie.

Tatu, mchanga unachotwa mtoni kwa ajili ya ujenzi wa miji inayokua haraka. Mchanga ukitolewa kupita kiasi, kitanda cha mto hushuka, kingo huanguka, na visima vya karibu hupungua maji kwa kuwa maji ya ardhini huteremka pamoja na mto.

Nne, taka na oshaosha. Inasemekana neno bodaboda lilizaliwa papa hapa Busia, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka mpaka hadi mpaka. Leo bodaboda ni pikipiki, na nyingi huoshwa mtoni zikiwa na mafuta na grisi yake. Chini kidogo ya hapo, mtoto anachota maji ya kupikia.

Tano, dhahabu. Katika wilaya ya Busia, Uganda, hasa maeneo ya Tiira, wachimbaji wadogo hutafuta dhahabu, na wengi wao huikamata kwa zebaki. Zebaki ikiingia kwenye tope la mto, bakteria huigeuza kuwa aina ya sumu inayonyonywa na viumbe hai. Samaki mdogo huliwa na mkubwa, na mkubwa huliwa na mtu, na kila hatua sumu inazidi. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni mwa mama yake. Ndiyo sababu mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata wa kupunguza zebaki, ulioanza kutumika mwaka 2017.

Hapa ni lazima tuseme ukweli. Wanaofanya haya si watu waovu. Ni baba zetu na mama zetu. Ukanda ulio kando ya mto ndio udongo pekee wenye unyevu wakati wa kiangazi, na ndipo sukuma wiki hupatikana mwezi wa Januari wakati bei imepanda. Wengine wetu karo yetu ya chuo imetoka kwenye ukanda huo, au kwenye lori la mchanga, au kwenye tanuri la matofali. Mwanafunzi anayerudi nyumbani na kumwambia mzee, "Baba, acha kulima hapa," bila kumletea njia nyingine, hajamsaidia mto wala hajamheshimu mzazi.

5. Wa juu na wa chini: fiqhi ya maji

Qur'ani inatufundisha katika Surat Al-Anbiyaa (21:30) kwamba kila chenye uhai kimetokana na maji. Katika Surat Al-Mu'minuun (23:18) inatukumbusha kwamba maji huteremshwa kwa kipimo, yakawekwa katika ardhi, na kwamba Aliyeyaleta ana uwezo wa kuyaondoa. Na katika Surat Ar-Ruum (30:41) tunaambiwa uharibifu umedhihiri bara na baharini kwa yale yaliyochumwa na mikono ya watu, ili waonje sehemu ya waliyoyatenda, wapate kurejea. Zingatia kusudio la onyo hilo: watu warejee. Mlango wa kurekebisha haujafungwa.

Wanazuoni hawakuishia kwenye mawaidha. Waliandika hukumu za maji kwa undani, na tatu kati yake zinaingia moja kwa moja kwenye Sio na Malaba.

Hukumu ya kwanza ni ya aliye juu na aliye chini. Imesimuliwa katika Sahih Bukhari kwamba Zubayr bin Awwam (R.A.) aligombana na mtu mmoja wa Ansari juu ya mfereji wa maji wa Harra, nje ya Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (S.A.W.) akamwambia Zubayr anyweshe shamba lake, kisha awaachie maji jirani yake. Yule bwana akakasirika, akadai kwamba hukumu imetolewa hivyo kwa sababu Zubayr ni mtoto wa shangazi wa Mtume. Uso wa Mtume ukabadilika, akamwamuru Zubayr anyweshe na kuyazuia maji hadi yafike kwenye kuta za shamba, ndipo ayaachie.

Wanazuoni wakaeleza kuwa hukumu ya kwanza ilikuwa ya suluhu, Zubayr aridhie pungufu kwa ajili ya jirani. Ya pili ilikuwa haki yake kamili. Wakakadiria kipimo cha haki hiyo kuwa maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu. Tunajifunza kwamba aliye juu ana haki ya kutangulia, lakini hata haki yake kamili ina kikomo, na baada ya kikomo hicho maji ni ya aliye chini. Sasa uliza: kama haifai kuyazuia maji yenyewe kupita kiasi, vipi kuyaachia yakiwa na zebaki? Kanuni ya fiqhi inayokataza kudhuru na kulipizana madhara inajibu swali hilo.

Hukumu ya pili ni ya harimu. Kisima, chemchemi na mto vina eneo la kuvizunguka ambalo haliruhusiwi kumilikiwa na mtu kwa namna itakayozuia au kuharibu maji. Wanazuoni waliliita eneo hilo harimu, na wakajadili upana wake kulingana na mahitaji ya mahali. Msomaji wa sheria za mazingira atatambua jambo hili mara moja. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 kuhusu vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa ziliweka ukanda wa hifadhi wa mita 30 kwa mito ya kawaida na mita 100 kwa mito iliyoorodheshwa. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu ubora wa maji zilikataza kulima au kujenga ndani ya mita 6 hadi 30, kulingana na upana wa mto. Angalia ajabu ya mpaka: mto mmoja, na kila ukingo una kipimo chake! Lakini wazo ni lilelile ambalo mafaqihi walilijua karne nyingi zilizopita, kwamba mto unahitaji nafasi yake.

Hukumu ya tatu ni tofauti ya tohara na usalama. Mara nyingi mwanafunzi huuliza kama anaweza kutawadha kwa maji ya mto yaliyobadilika rangi kwa tope. Jibu la mafaqihi ni kwamba maji yaliyobadilika kwa udongo wa njia yake hubaki tohara na yanafaa kutawadhia. Lakini tusichanganye. Maji yanaweza kuwa tohara kisheria na bado yakawa na vijidudu vya kichocho, kipindupindu au homa ya matumbo. Maji yenye zebaki yanaweza kuonekana meupe kabisa. Fiqhi inakuambia kama swala yako imesihi. Maabara inakuambia kama mtoto wako ataugua. Muislamu anahitaji zote mbili, kwa sababu kulinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Tuongeze na adabu. Mtume (S.A.W.) alikataza kukojoa katika maji yaliyosimama, na akaonya dhidi ya kujisaidia mahali watu wanapochota maji, njiani na kivulini, akiyahesabu kuwa mambo yanayoleta laana. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, watu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Mshirika hufaidi pamoja na wenzake, na pia hutunza pamoja nao.

6. Nchi mbili zimeanza kukaa meza moja

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Mwaka 1999 nchi za Bonde la Nile zilianzisha Mpango wa Bonde la Nile, na chini yake ukaja mradi wa Kenya na Uganda wa kusimamia kwa pamoja mabonde ya Sio, Malaba na Malakisi. Novemba 2003 Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini itifaki ya maendeleo endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria, na Kamisheni ya Bonde hilo ina makao yake Kisumu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inataja maji safi na salama kuwa haki ya kila mtu. Kenya pia ina jumuiya za watumiaji maji, ambamo wakulima wa kijito kimoja hukaa pamoja kupanga matumizi na kutatua ugomvi. Ukitafakari, ni kikao cha Harra katika sura ya leo.

Hata mpaka wenyewe umebadilika. Februari 2018 marais wa nchi mbili walizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja tu badala ya mara mbili. Kama forodha mbili zimeweza kukaa chini ya paa moja kwa ajili ya malori, si vigumu kufikiria kingo mbili za mto zikitunzwa kwa mpango mmoja.

7. Kazi ya mwanafunzi

Chuo Kikuu cha Alupe kiko Busia ya Kenya. Chuo Kikuu cha Busitema kiko Busia ya Uganda. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichofunguliwa mwaka 1988, kiko Mbale, chini ya mlima uleule. Jumuiya za wanafunzi Waislamu za vyuo hivi hukutana kwa mihadhara na mashindano ya Qur'ani. Zinaweza kukutana pia ukingoni mwa mto. Tunapendekeza mambo matatu.

La kwanza, pimeni mto. Hamhitaji mitambo ya bei kubwa. Chagua sehemu iliyonyooka yenye urefu wa mita 10. Dondosha chungwa juu ya maji, uhesabu sekunde linazotumia kufika mwisho, na urudie mara tano upate wastani. Pima upana wa mto, kisha kina mahali kadhaa. Kwa kuwa maji ya juu huenda kasi kuliko ya chini, zidisha kasi ya chungwa kwa 0.8. Tuseme chungwa limetumia sekunde 20. Kasi yake ni nusu mita kwa sekunde, nayo ikizidishwa kwa 0.8 inakuwa 0.4. Mto ukiwa na upana wa mita 8 na kina cha wastani cha nusu mita, basi 8 mara 0.5 mara 0.4 ni mita za ujazo 1.6 kwa sekunde, sawa na jerikeni 80. Jaza maji kwenye chupa isiyo na rangi, iache usiku kucha, kisha pima unene wa tope lililozama. Fanyeni hivyo kila mwezi mahali palepale, mwandike kwenye daftari moja. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitu cha kumwonyesha chifu, mwenyekiti wa kijiji na mhadhiri wenu. Tahadhari: msiingie mtoni wakati wa mafuriko, na vaeni buti kwa sababu ya kichocho.

La pili, mpelekeeni mkulima njia mbadala, si lawama. Ukanda wa ukingoni unaweza kutoa riziki bila kutifuliwa udongo. Majani ya nepia hushika udongo na kulisha ng'ombe wa maziwa. Mianzi huuzwa. Miembe na mipera huzaa matunda, na mizinga ya nyuki haihitaji jembe. Mikaratusi ipandwe mbali na maji, kwa kuwa hunywa sana. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, basi ni sadaka kwake. Mzazi anayeelewa hivyo ataupanda ukingo wake kwa moyo.

La tatu, muwe daraja. Ukisikia mtu wa upande wako akiwalaumu wa ng'ambo, muulize kwanza upande wetu umefanya nini. Khutba ya Ijumaa moja kwa mwaka, isomwe siku moja katika misikiti ya pande zote mbili, inaweza kuzungumzia mto huu kwa jina lake. Watu husikia zaidi wanapoambiwa "Sio" na "Malaba" kuliko wanapoambiwa "mazingira".

Maswali ya kujadili kwenye halaqa

1. Chora ramani ya kijito kilicho karibu na kwenu. Kinaingia mto gani, na mwisho wake ni Ziwa Victoria au Ziwa Kyoga?

2. Katika kisa cha Zubayr (R.A.), nani angekuwa Zubayr kwenye mto Malaba leo: mkulima wa Malakisi, mwenye shamba la mpunga wa Tororo, au wote kwa zamu? Eleza.

3. Familia ina nusu ekari tu, na robo yake iko ndani ya mita 30 za mto. Utawashauri nini, ukizingatia sheria ya nchi, kanuni ya kutodhuru, na haki yao ya kula?

4. Taja mambo mawili ambayo maji yanaweza kuwa nayo yakabaki tohara lakini yasiwe salama. Msikiti ulio jirani na mto ufanye nini kwa wanaotawadha humo na kwa wanaokunywa humo?

Ndugu msomaji, safari ijayo ukifika Busia au Malaba, kabla hujapanga foleni ya muhuri, simama kidogo darajani. Tazama rangi ya maji. Jua kwamba yaliyopita chini yako yametoka shambani kwa mtu, na kabla ya jua kuzama yatakuwa kwenye mtungi wa mtu mwingine. Baina ya hao wawili uko wewe uliyesoma.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotengeneza, na wala si miongoni mwa wanaoharibu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.